Kanga Isiyofuliwa

“Mimi mama simkumbuki wala simtaki,” Sikudhani alijitapa bwenini. Mdomo wake haukuwa na breki. “Kanga naiba kwa mchezo tu, kama wengine wanavyoiba maembe.”

Wenzake walicheka. Kwa sheria, mtoto akitimiza siku arobaini hupelekwa Nyumba ya Malezi, na mama haambiwi ni ipi. Wakishabaleghe, wengi huanza kuiba nguo za wanawake kwenye kamba. Wakuu wanauita wizi huo ukorofi. Sikudhani alikuwa ameshakamatwa mara mbili. Ya tatu ingekuwa gereza la watoto.

Alasiri ile aliruka ukuta wa nyumba yenye bati la kijani, rafiki yake Mwanahawa akabaki juu kulinda. Badala ya kuichomoa kanga iliyoanikwa kambani na kukimbia, Sikudhani alijifunika nayo uso, akavuta pumzi, akavuta tena. Ilinukia sabuni tu.

“Hiyo nimeifua, mwanangu.”

Mwanamke alikuwa mlangoni, mkononi ana kanga iliyokunjamana. Hakupiga kelele. “Wenzako hupenda niliyolala nayo. Chukua.”

“Wewe ndiye mama yangu?” Sauti ilimtoka ndogo, si ile ya bwenini.

“Sijui, mwanangu. Kila anayekuja huniuliza hivyo.”

Hapo Sikudhani akakumbuka kwamba ukutani kuna mtu. Akageuka, tayari kuchekwa.

Mwanahawa hakucheka.

“Muulize,” alisema, “kama anayo nyingine.”