Mstari Mwekundu wa Kuku

Dalali aliinua mchoro wa kuku na vifaranga wake, ukumbi mzima uuone. Bi Mishi, aliyeuchora zamani kwa ajili ya kitabu cha darasa la pili, alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa. Hakualikwa, aliona tangazo la mnada gazetini.

"Tazameni mstari huu mwekundu uliompasua kuku," dalali alisema. "Hapa msanii ameonyesha uchungu wa mama kwa wanawe. Ujasiri ulioje!"

Bi Mishi akasimama. "Uchungu gani, baba? Mstari huo kaupiga mhariri wa kitabu kwa penseli nyekundu. Aliukataa mchoro. Alisema kuku kanenepa mno, nichore mwingine."

Watu wakacheka chinichini.

"Na wewe ni nani, mama?" dalali akauliza.

"Huyo kuku nimemchora mimi!"

Dalali akaugeuza mchoro, akasoma nyuma. "Hapa pameandikwa msanii hajulikani. Tafadhali kaa, mama, tuendelee."

Mikono ikaanza kuinuliwa, bei ikapanda. Bi Mishi hakukaa. Alifungua mkoba, akatoa kifutio chake kilichochakaa, akaanza kutembea kuelekea mbele, taratibu, katikati ya viti.