Mkasi wa Utepe

Jumanne ya tarehe kumi na nne Mei ndiyo siku kila kitu kilipoharibika. Asubuhi ile mgeni rasmi alikuja kuzindua jengo jipya la upasuaji. Ngoma zikapigwa uwanjani, akina mama wakapiga vigelegele, na viongozi wa hospitali wakajipanga juani na suti zao kama watu waliokuja kuposa. Bernadeta yeye akaingizwa jengo la zamani, utumbo umejisokota, analia kwa sauti ya chini asije akaaibika mbele ya watu.

Mumewe, Nestory, aliachwa kwenye benchi la korido. Kupitia dirisha aliona yote: utepe mwekundu, zulia, na nesi mmoja wa thieta, chumba cha upasuaji, amesimama na sinia. Juu ya sinia kitambaa cheupe, juu ya kitambaa mkasi. Ndio wakubwa hao. Hata utepe wanataka ukatwe kwa mkasi wa thieta, na wa kuubeba awe nesi wa thieta, ili picha ipendeze. Mgonjwa atasubiri. Mgonjwa hana picha.

Ndani, daktari alikuwa ameshanawa. Alisimama mikono juu, akimsubiri mtu wa kumpa vyombo.

Nestory alikuwa amekaa kwenye benchi hilo, khanga ya Bernadeta mapajani. Aliikunja, akaikunjua, akainusa. Bernadeta alikuwa muuza dagaa, na mtaani kwao Pasiansi watu walimtambua kwa harufu kabla hajapiga hodi. Sasa khanga ilinukia sabuni tu. Nje kulikuwa kimya, upepo wa ziwani unagongagonga dirisha, lakini masikioni mwake vigelegele vilikuwa havijaisha.

Revocatus, mlinzi, alipita akiburuza miguu.

"Mzee Nestory, hili benchi si tuliandike jina lako?"

"Andika la mkuu wenu. Yeye ndiye anafaa kukalia ubao. Mimi matako yameshazoea."

Revocatus akacheka, halafu akakumbuka yuko wapi, akaacha. "Chai itakuja, mzee."

"Ije au isije."

Nestory aliishia darasa la nne. Hakujua majina ya dawa wala ya magonjwa, na hakuwa akitaka kuyajua. Alitaka jina moja tu, la mtu, na alijua kwamba katika jengo lile lote hakuna atakayelitamka kwa hiari yake.

Mlango wa thieta ukafunguka. Akatoka binti mwembamba mwenye gauni la kijani, barakoa ameishusha kidevuni. Gauni lilikuwa safi, halina hata tone. Alisita, akatazama nyuma mlangoni, kisha akaja akaketi pembeni yake, si karibu sana wala si mbali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Naitwa Rebeka. Ni muuguzi wa huku upasuaji. Wewe ndiye mume wa mama Bernadeta?"

"Ndiye mimi."

Macho ya binti yakateremka mpaka kwenye sakafu, yakakaa huko.

"Baba, tulijitahidi sana…"

"Sema."

"Tulijitahidi, lakini…"

"Sema, mwanangu. Kaa la moto halipoi kwa kulizunguka."

"Mama amefariki, baba. Pole sana."

Nestory aliushika upindo wa khanga kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Daktari alikuwepo?"

"Alikuwepo, baba."

"Umeme ulikatika?"

"Haukukatika."

"Dawa ya usingizi?"

"Ilikuwepo."

"Basi mke wangu alikuwa amelazwa pale anasubiri nini?"

Rebeka akauma mdomo. "Nesi wa vyombo."

"Na nesi wa vyombo alikuwa wapi?"

"Alikuwa… alitoka nje kidogo."

"Mtu haachi mgonjwa mezani akatoka tu kupunga upepo. Aliitwa. Nani alimwita?"

Binti akatazama tena mlangoni kama anayeomba msaada, halafu machozi yakamshinda, mabega yakawa yanaruka.

Nestory akampa upindo wa khanga ajifute.

"Usilie, binti. Aliyeniambia mara ya kwanza, mwaka ule, naye aliangalia sakafu hivihivi."

Mlango ukafunguka wote. Nyuma yake darasa zima la wanafunzi wa uuguzi lilikuwa limesimama kimya, magauni mapya, na mbele yao mwalimu wao, Sista Teodora.

"Rebeka, inuka, zoezi lako limeisha. Umesema 'tulijitahidi' mara mbili kabla hujasema amefariki. Hapo unamtesa mtu. Na macho yako ni ya mwenye msiba, si ya sakafu." Sauti yake ilikuwa kavu. "Anayefuata ajiandae."

Nestory akaikunja khanga upya, akairudisha mapajani. Akapiga kikohozi. Akakaa kama alivyokuwa amekaa.

"Mzee, tukupumzishe kidogo?" Teodora akauliza. "Unaweza kuja tena kesho."

"Sijachoka. Kila darasa jipya ukiniita nitakuja, ilimradi usimame hapo ulipo na usikie."

Mwanafunzi wa pili alikuwa ameshaanza kuja, anaweka barakoa yake sawa. Nestory hakumtazama. Aliinua macho yakampita yule kijana, yakaenda moja kwa moja mlangoni.

"Hawa watoto hawajui zaidi ya walichoandikiwa, siwalaumu. Lakini siku ile sinia la mkasi ulilishika wewe, Sista. Nani alikuita?"