Mama Aliyelia Kwenye Simu

Muuguzi alimpokonya dada yake simu, akaubonyeza tena ule ujumbe wa sauti. Mwanamke akalia humo ndani: "Jamani, mwanangu kachanjwa asubuhi, sasa mguu haunyanyuki. Okoeni watoto wenu."

"Tumenyonya ziwa moja," muuguzi alisema. "Mimi ndiye ninayechanja. Hukuniuliza mimi, ukamwamini mtu usiyemjua?"

Dada alimtazama mwanawe kitandani. Surua ilikuwa imemvimbisha macho, na kila pumzi aliivuta kwa taabu. "Nilikuja. Nilikuwa pale nje ya kliniki yako, kwenye foleni. Ujumbe ulipoingia kwenye kundi letu la kina mama, wenzangu wakabeba watoto wakakimbia. Mimi nani nibaki?"

Muuguzi hakujua hasira zake azimwage wapi. Tangu ujumbe ule, mtaani walimwita mlemaza watoto, na milango alikozoea kukaribishwa maji ilifungwa akiiona kwa macho yake. Alipita nyumba kwa nyumba akimtafuta mtoto wa mguu usionyanyuka. Kama yupo, atibiwe. Na kama sindano ina kasoro, yeye alitaka kuwa wa kwanza kuijua. Hakumpata. Lisemwalo lipo, walimwambia, na kama halipo laja.

Walimzika mtoto wa dada yake siku ya mvua. Dada hakulia, alikaa tu ameshika viatu vidogo, na hakuna aliyethubutu kumpokea.

Siku ya kliniki iliyofuata mabenchi yalikuwa matupu. Akaingia mwanamke mmoja aliyevaa sare ya kazi, na mtoto wake akaanza kuyazunguka mabenchi mbio, akicheka.

"Habari za kazi, sista? Tumekuja kwa ile chanjo inayofuata."

Muuguzi aliganda. Sauti ile angeijua hata usingizini. Aliiweka sindano mezani.

"Ni wewe uliyelia kwenye simu."

Mwanamke aliinamisha uso.

"Na huyu ndiye mwenye mguu?" Muuguzi alimwonyesha mtoto, ambaye sasa alikuwa akiruka kutoka benchi hadi benchi. "Nani alikutuma? Alikulipa nini?"

"Anilipe nani, sista? Chanjo naiamini, ndiyo maana nimerudi. Siku ile nilikuwa wa mwisho, na bosi alinipa ruhusa fupi. Nilitaka tu foleni ipungue."