Mluzi wa Bomba la Mvuke

Kwa mara ya nne wiki hiyo, mke wa msimamizi wa boila alisimama chini ya ngazi akamuuliza fundi swali lilelile.

"Kaka, kelele zitakoma lini?"

Ilibidi apaze sauti hadi mishipa ya shingo imtoke. Kwa miaka kumi na mmoja kiwanda kile cha karatasi kilikuwa kikitupa mvuke wa ziada kupitia bomba lililoelekea nyumba za wafanyakazi, nao ulitoka ukipiga mluzi mchana na usiku. Watu wa pale walizoea kuongea kwa mikono. Mbwa wao akibweka, waliona mdomo tu.

Fundi, mgeni aliyeletwa kufunga kondensa, alishuka ngazi.

"Jumamosi, dada, Mungu akijalia. Mvuke utaingia humu, upozwe kwa maji baridi, ugeuke maji, urudi kwenye boila. Hautapotea bure tena."

"Na mluzi?"

"Ndiyo mwisho wake."

Mwanamke akashusha pumzi. Akavuta mikono ya gauni hadi vidoleni, ingawa jua lilikuwa kali, akaenda zake.

Mafundi walimcheka. Ndiye aliyemwandikia meneja barua tatu, ndiye aliyezunguka nyumba hadi nyumba kutafuta saini.

"Wengine usingizi wao una cheo," alisema mchomeleaji.

Hata mumewe alimwombea radhi. Alikuwa mtu wa watu, mwenye utani, na kila asubuhi aliwaletea mafundi chai kwa mkono wake mwenyewe.

"Msameheni mama watoto, ana usingizi mwepesi. Mimi huu mluzi ndio unaonibembeleza. Ukinyamaza nitaugua!"

Wakacheka wote.

Ijumaa mambo yaliharibika. Ungio la chini la kondensa lilivuja, likafungwa, likavuja tena. Meneja akasema wazi: ikifika kesho jioni haijafanya kazi, vyuma vyote virudi vilikotoka.

Mwanamke alipokuja, fundi hakuwa na la kumficha.

"Huenda tukashindwa, dada."

Aliketi palepale juu ya matofali, akalia. Fundi alibaki ameshika spana, hajui aiweke wapi.

"Basi, dada. Si kelele tu?"

"Ndiyo," alijibu, akijifuta kwa kanga. "Ni kelele tu."

Neno lile lilimkaa fundi rohoni. Kesho yake alifika kabla ya wenzake, akalifungua ungio lote, akalisafisha, akakata gasketi mpya ya kuziba uvujaji na kukaza nati moja moja hadi viganja vikachubuka.

Saa tisa alasiri alifungua valvu. Bomba likakoroma, likakohoa, likanyamaza. Maji ya moto yakaanza kutiririka kurudi kwenye boila.

Watu walitoka milangoni, wakatazamana kama waliozinduka. Mtoto mmoja alilia kwa hofu ya ukimya.

Fundi alifuta mikono, akaelekea nyumba ya msimamizi kupokea shukrani zake. Hakupata hata nafasi ya kubisha hodi. Sauti ya mwanamke ilipenya ukuta, tulivu, ikafika hadi nyumba ya mwisho:

"Haya, baba watoto. Nipige sasa, kama ulivyonipiga jana."