Wazee Watangulie

Hakimu alimwomba akae mara tatu, na mara zote tatu fundi cherehani akabaki amesimama.

"Nitasimama," alisema. "Siku ile getini hatukupewa viti."

Maneno yake yalimfikia mkalimani, aliyefungiwa kwenye kibanda cha kioo ukutani, yakawatokea hakimu na mawakili kwa lugha yao. Ya kwao yakarudi kwake kwa lugha yake, kupitia hedifoni zilizombana kichwa tangu asubuhi.

Alikuwa amesafirishwa kwa ndege kuja kutoa ushahidi dhidi ya mtu mmoja tu: kapteni wa walinda amani, aliyekaa kizimbani amenyoa ndevu vizuri, anakunywa maji. Miaka tisa nyuma, zaidi ya watu mia tatu walijificha katika shule iliyolindwa na askari wake. Siku askari hao walipoamriwa kuondoka, watu waliambiwa watoke nje. Wanamgambo walikuwa wanawasubiri barabarani. Siku moja tu, fundi alipoteza mume, mabinti wawili na mama mkwe.

Wakili wa kapteni akainuka, akafunga kifungo cha koti.

"Ulimwona mteja wangu akiwaambia mtoke?"

"Ukuta ulikuwa mrefu. Tulisikia kipaza sauti."

"Kwa hiyo hukumwona."

"Ningemwonaje? Kwani nilikuwa nimepanda juu ya bati?"

Wakili akatabasamu. Fundi akatamani kumvurumishia hedifoni zile usoni.

"Haya ni maelezo yako mwenyewe," wakili akasema, akainua karatasi na kuisoma polepole. Mkalimani akamfuata, neno kwa neno, masikioni mwa fundi:

"Tokeni mmoja mmoja, wazee watangulie. Hakuna atakayewagusa."

Alishawahi kuyasikia maneno hayo kwa sauti hiyo hiyo. Akashika ukingo wa meza, kisha, bila kuombwa na mtu, akakaa.

Hakimu akamuuliza kama angependa kupumzika kidogo.

"Sitaki. Mama mkwe nilimshika mkono mimi mwenyewe. Nikamwambia, mama, tangulia, wameshasema hatuguswi. Akanishukuru."

Wakili akaiweka karatasi mezani.

"Mteja wangu anasema aliamuru kinyume chake. Mbaki ndani, mfunge geti, msimfungulie mtu. Na amri hiyo aliitoa kwa lugha yake, kwa sababu ya kwenu hajui hata neno moja. Hebu iambie mahakama, mama: ulimwelewaje?"

Kwa mara ya kwanza tangu aingie, fundi alimtazama kapteni sawasawa. Naye kapteni alikuwa anamtazama, macho mekundu, kama mtu ambaye ameshindwa kulala miaka tisa kwa swali hilo hilo.

"Sikumwelewa," fundi akasema. "Huyu sijapata kumsikia akisema kitu."

Wakili akamgeukia hakimu, kifua mbele. Kisha akamrudia shahidi, akauliza jambo fupi.

Safari hii tafsiri ilichelewa. Ilipokuja, ilikuja kwa shida.

"Basi... ni nani aliyewaambia mtoke?"

Fundi akageuza kiti chake taratibu, akampa wakili mgongo, akakazia macho kile kibanda cha kioo.

"Wewe," akasema.

Hakimu, wakili na kapteni wakabana hedifoni zao masikioni, wakasubiri tafsiri.