Wingu Katika Barua ya Hiza

Hiza aligeuza kompyuta ili rafiki yake Lukindo asome barua yake ya maombi ya kazi. Walikuwa marubani wawili wasio na kazi, na kampuni iliyotangaza mtandaoni ilitaka mmoja tu. Lukindo alikuwa ameshatuma yake jana: kurasa mbili, kila aya ikimsifu kuwa rubani asiyejua hofu.

Ya Hiza ilikuwa na aya tatu. Katikati aliandika: "Siku moja wingu lilifunika uwanja, nikageuza ndege kurudi tulikotoka. Abiria walinizomea hadi tukatua. Hata leo ningegeuza."

Lukindo aliisoma aya hiyo mara mbili. Wivu ukampanda kooni kama kiungulia. Kazi ilikuwa inakwenda kwa Hiza, na aliiona ikienda.

"Futa hapo, bwana," alisema. "Unaomba kazi au unatubu? Nani atamwajiri mwoga?"

Hiza akacheka. "Ndiyo maana nimekuita. Wewe ndiye bingwa wa maneno, mimi najua usukani tu."

Akafuta. Barua ikabaki na salamu, leseni na saa zake za angani, kama barua ya mtu yeyote.

"Malizia kusoma basi, niitume."

Lukindo akashuka hadi chini, palipoandikwa jina la mdhamini. Lilikuwa jina lake mwenyewe. Pembeni Hiza alikuwa ameongeza: "Alikuwa rubani msaidizi wangu siku ile ya wingu. Ni yeye peke yake aliyenipa mkono."

Kidole cha Hiza kikaelekea kwenye kitufe cha kutuma. Lukindo akaudaka mkono wake, akabaki ameushika.