Mbuzi wa Kwenye Mtihani

Mzee Shekue aliapa kwa ndevu zake zote kwamba ni kweli tupu: enzi zake alipata mia kwa mia mtihani wa Kiingereza, hadi msahihishaji akampigia saluti.

“Basi jibu huu, babu,” mjukuu wake Salha akamsukumia karatasi ya majaribio ya kidato cha nne. “Ukishindwa, unanifulia sare wiki nzima.”

Kifungu cha ufahamu kilihusu mbuzi aliyepotea sokoni. Babu akajaza kurasa tatu za Kiingereza: mbuzi alipanda treni, akaoa, akagombea udiwani.

“Babu! Haya yameandikwa wapi?”

“Mwandishi kaishia njiani. Mimi mbuzi huyo namjua.”

“Sarufi safi. Ufahamu, sifuri.”

Asubuhi majirani walimkuta uani, povu hadi viwikoni, akisuuza soksi na kuwaapia kuwa mbuzi alishinda, tena bila kupingwa.